Washirazi wa Kilwa: Jina la Baba na Ulimi wa Mama

Mwalimu afundishaye katika shule za Kilwa, Lindi au Mikindani hana budi siku moja kuulizwa na wanafunzi wake: Je, Washirazi ni Waajemi? Na ikiwa ni Waajemi, mbona wasema Kiswahili? Majibu tuliyoyasikia ni mawili. Wako wajibuo kwamba Waajemi walikuja kwa merikebu, wakaikuta pwani haina mji wala ustaarabu, wakajenga Kilwa, na Kiswahili kikazaliwa kwa kuchanganya lugha yao na Kiarabu na maneno machache ya wenyeji. Wako tena wajibuo kwamba habari yote ni ngano tu, iliyotungwa na watu waliotaka kujitenga na ndugu zao wa bara.

Majibu haya hupingana, na kila moja huacha jeraha. La kwanza lamwambia mtoto wa Kimachinga au wa Kimwera kwamba babu zake hawakuwa na sehemu katika mji uliojengwa juu ya nchi yao wenyewe. La pili lamwambia mtoto wa Kishirazi kwamba wazee wake ni waongo. Haifai mwalimu kumjeruhi mtoto kwa jambo asilolipima. Kwa hiyo twataka katika kurasa hizi kuzipima habari za kale za Kilwa, ambazo watu huzitaja kana kwamba ni habari moja, nazo ni tatu: ya Kiarabu, ya Kireno, na ya Kiswahili. Kila moja ina jambo inalolijua, na kila moja ina jambo inalolinyamazia.

I. Habari ya Kiarabu

Ya kwanza ni kitabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, maana yake kitabu cha maliwazo, katika habari za Kilwa. Mwandishi hakututajia jina lake, ila atuambia kwamba alizaliwa mwaka 904 wa Hijra, nao ni mwaka 1499 wa Masihi. Basi Wareno walipoingia Kilwa kwa nguvu mwezi wa Julai mwaka 1505, alikuwa mtoto mdogo. Nakala iliyotufikia ilitoka Unguja. Alipewa Sir John Kirk, balozi wa Waingereza, ikawekwa London, na mwaka 1895 S. Arthur Strong akaipiga chapa.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Mfalme wa Shirazi na wanawe sita waliondoka kwao kwa merikebu saba, na kila merikebu ikashika bandari yake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzwani, na nyingine mahali pengine. Waliofika Kilwa walimkuta Mwislamu mmoja aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti tayari umejengwa. Mwenye nchi hakuwa Mwislamu, naye alikuwa amekwenda bara kuwinda. Aliporudi, akakubali kukiuza kisiwa kwa nguo za rangi zitoshazo kukizunguka chote. Baadaye akataka kukirudia kwa vita. Lakini wageni walikuwa wamekwisha chimba mlango wa maji kati ya kisiwa na bara, asiweze kuvuka maji yakupwapo.

Ukikisoma kitabu hiki kwa uangalifu utaona kwamba kimeandikwa kama hati ya kiwanja. Chataja mnunuzi, muuzaji, bei, na mpaka. Wala si ajabu. Mwandishi aliishi katika siku ambazo wenye enzi wa Kilwa walikuwa wamekwisha kuonja kupokonywa enzi yao, na watu wa namna hiyo hushika hati. Ndiyo maana nasaba za masultani zafuatana baba kwa mwana, na katika habari ya kuja kwao sauti ya mwanamke haisikiki hata mara moja. Miaka nayo imevutwa nyuma. Mwandishi aweka kuja kwao katikati ya karne ya tatu ya Hijra. Lakini sarafu za Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu wamwona kuwa ndiye sultani wa kwanza wa ukoo ule, zaonyesha kwamba alitawala miaka mingi baada ya hapo. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alimweka karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya fedha Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, na kwa ajili yake wataalamu wengine wamemrudisha hata karne ya kumi na moja.

Lakini kitabu hiki chenye kujifunga sana katika Kiarabu na nasaba kimeponyokwa na maneno mawili. La kwanza ni jina la yule Mwislamu aliyekutwa kisiwani: Muriri wa Bari. Hiyo "wa" katikati kila msomaji wetu aijua. La pili lina uzito zaidi. Sultani wa kwanza, mwana wa Shirazi, ametajwa kwa lakabu yake, nayo ni Nguo Nyingi. Lakabu hupewa mtu na watu wanaomzunguka, kwa lugha waisemayo kila siku. Tena tazama sarufi yake: jina kwanza, sifa baadaye, na sifa imefuata ngeli ya jina lake. Hivyo ndivyo mtoto wa Kilwa asemavyo hata leo. Basi mwandishi mwenyewe, pasipo kukusudia, ametushuhudia kwamba mji wa Washirazi ulimwita mfalme wake kwa Kiswahili.

II. Habari ya Kireno

Ya pili imo katika kitabu cha João de Barros kiitwacho Décadas da Ásia, ambacho sehemu yake ya kwanza ilipigwa chapa Lisbon mwaka 1552. De Barros hakufika Kilwa. Alikuwa mtumishi mkubwa wa mfalme katika nyumba ya biashara ya Uhindi huko Lisbon, na barua na vitabu vya mabaharia vilipitia mikononi mwake. Alipata nakala ya habari za wafalme wa Kilwa, akaieleza kwa Kireno.

Yeye asema kwamba mfalme wa Shirazi alikuwa na wana saba, na mmoja wao, jina lake Ali, alidharauliwa na nduguze kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na mama yao walikuwa wa ukoo mkubwa wa Kiajemi. Ali akaona hana fungu kwa baba yake. Akasikia habari za dhahabu ya pwani ya Zanguebar, akapanda chombo kutoka Hormuz, akapita Mogadishu na Barawa, akafika Kilwa, akanunua kisiwa kwa nguo.

De Barros aliandika kwa watu waliotaka kujua dhahabu ilipo na nani anaimiliki, na mahali pengi jicho lake ni jicho la mfanya biashara. Lakini yeye ndiye aliyehifadhi jambo ambalo habari ya Kiarabu haikulihifadhi, yaani mama. Hatuwezi kuthibitisha kwamba mama huyo Mhabeshi aliishi kweli duniani. Yawezekana ni njia ya msimulizi ya kueleza kwa nini mwana wa mfalme aliacha ufalme. Hata hivyo twapaswa kuangalia kwamba habari hii, iliyopita Lisbon, yamfanya mwanzilishi wa Kilwa kuwa mwana wa mwanamke wa Afrika kabla hajaiona pwani yetu. Anayeitumia habari ya De Barros kuthibitisha kwamba Washirazi wa Kilwa walikuwa Waajemi watupu hajaisoma hata ukurasa wake wa kwanza.

III. Habari ya Kiswahili

Ya tatu ndiyo isomwayo kidogo kuliko zote, nayo yatuhusu kuliko zote. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wadachi katika nchi hii na baadaye mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alikusanya habari za miji ya pwani kwa Kiswahili cha wenyewe, akazipiga chapa mwaka 1907. Zimo habari za Kilwa Kisiwani, za Lindi, za Sudi, na za Mikindani. G. S. P. Freeman-Grenville alizifasiri kwa Kiingereza mwaka 1962 pamoja na maandiko mengine ya pwani.

Habari ya Kilwa haianzi Shirazi. Yaanza Kisiwani. Yataja kwanza watu wa Mtakata, kisha watu wa Mranga, kisha Mrimba na watu wake. Na Mrimba, yasema habari, alikuwa wa kabila la Wamachinga. Baada ya hao wote ndipo afikapo Sultani Ali bin Selimani Mshirazi na merikebu zake. Akatoa zawadi, akaomba kukaa. Akamwoa binti wa Mrimba. Kisha akaomba apewe kisiwa, na Mrimba akataka nguo za kukizunguka. Mrimba akahamia bara. Naye Sultani akatengeneza mambo ili Mrimba asirudi. Ila hapa hakuna majembe ya kuchimba mlango wa maji, bali sadaka zilitolewa na Kurani ikasomwa. Binti wa Mrimba akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akamwendea babu yake bara, na mzee Mrimba akamwachia mjukuu wake utawala wa nchi.

Wataalamu wengi wameiweka habari hii mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa nyuma ya zote na kwa kuwa ina muujiza wa maji. Katika kuhesabu miaka twakubaliana nao. Lakini katika jambo la haki ya nchi twaona kwamba wameiweka mahali pasipoifaa. Habari ya Kiarabu yasema kisiwa ni chetu kwa sababu tulikinunua. Habari ya Kiswahili yasema hayo, kisha yaongeza sababu ya pili iliyo na nguvu zaidi kwa watu wa nchi hii: ni chetu kwa sababu mama yetu ni wa hapa.

Wasomaji wetu waishio Masasi, Newala, Ndanda, na Nyangao hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa watu wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Bali kwa sheria ya Kiislamu nasaba ni ya baba. Basi mtoto wa binti Mrimba amesimama mahali ambapo sheria mbili zakutana. Kwa baba yake apata jina la Shirazi, na kwa mama yake apata ardhi. Aliyeitunga habari hii, awe nani, alizijua sheria zote mbili, akatafuta mtu mmoja awezaye kuzitimiza zote. Twaona hiyo ni kazi ya akili kubwa, wala haistahili kuitwa ngano ya wazee.

IV. Ushahidi wa lugha

Sasa tuziache habari, tuulize lugha yenyewe. Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, na tena Nurse pamoja na Thomas Hinnebusch katika kitabu cha mwaka 1993, wameonyesha kwa kulinganisha sauti na sarufi kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, lugha za Wamijikenda, na lugha za visiwa vya Ngazija. Lugha hizi zilitoka katika lugha moja ya Kibantu iliyosemwa pwani, nao wameiita jamii hiyo Sabaki. Kiswahili hakikuzaliwa kwa kuchanganywa. Kilikuwako, kisha kikapokea wageni.

Na wageni hao waliketi mahali pao. Maneno ya Kiajemi yaliyomo katika Kiswahili ni machache, na mengi yao ni ya chomboni na dukani: bandari, nahodha, pamba, rangi, darubini. Hata hayo si yote yaliyofika kwa mkono wa Waajemi. Mengine yalibebwa na Waarabu na Wahindi waliokuwa wakiyatumia baharini. Lakini mtoto awapo mgongoni mwa mama yake husikia kwanza baba, mama, mjomba, maji, moto, mkono, kichwa, lala, njoo, kula. Hakuna hata moja lililotoka Shirazi. Neno mjomba, ambalo ndilo lenye enzi katika ukoo wa mama, ni la Kibantu kama mengine.

Majina ya mahali yasema vivyo hivyo. Wasomaji wapitao Kilwa watasikia Kisiwani, Kivinje, Makutani, Songo Mnara, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Husuni na mnara yalitoka katika Kiarabu. Ila kubwa na ndogo yameshikamana nayo, na -ni ya mahali imesimama mwisho wa jina la mji wenyewe. Na tukitaka maandiko, yapo. Barua za zamani kuliko zote tulizo nazo kwa Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao. Leo zimehifadhiwa Goa katika Uhindi. Wakubwa wa Kilwa walipokuwa na neno la siri au la haja, walilisema kwa lugha hii.

V. Je, basi jina ni uongo?

Hapa msomaji aweza kusema: Kama ulimi ni wa Kibantu, basi jina la Shirazi ni uongo, na wale wajibuo kwamba ni ngano wameshinda. Ili kulipima neno hili yafaa tutazame taifa jingine, ambalo kila mhubiri amelitaja mimbarani, nalo lilipatwa na mashaka ya namna hii kwa njia iliyogeuka.

Waashuri wa kale, ambao Yona alitumwa kwenye mji wao Ninawi, waliandika lugha ya Kiakadi kwa alama za umbo la kabari zilizopigwa katika udongo mbichi. Ulimwengu uliisahau lugha hiyo kabisa, hata mwaka 1857 wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walipopewa andiko moja, kila mtu akalifasiri peke yake, na tafsiri zao zikapatana. Lakini hata wakati wa enzi yao Waashuri walikuwa wameanza kusema lugha nyingine. Walihamisha watu wengi wa Aramu katika nchi zao, na Kiaramu, chenye herufi chache na nyepesi, kikaenea katika ofisi na sokoni. Wasomaji watakumbuka katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 18, jinsi wakuu wa Yerusalemu walivyomsihi jemadari wa Ashuru aseme nao kwa Kiaramu, watu walioketi ukutani wasisikie. Ninawi ulianguka mwaka 612 kabla ya Masihi, Kiakadi kikafifia, kikafa, Kiaramu kikabaki.

Waitwao Waashuri leo ni Wakristo wa nchi za Iraki, Siria, Uturuki na Uajemi, na wengi wao sasa wametawanyika Marekani, Ulaya na Australia. Kanisani husikia Kisiria cha kale, nacho ni Kiaramu. Nyumbani husema Kiaramu cha leo, wakiiita lugha yao Sureth. Wako waliowaambia kwamba jina la Ashuri si lao, eti walipewa na wamisionari wa Kiingereza katika karne ya kumi na tisa, kwa kuwa lugha yao si ile ya Ninawi. Lakini mwaka 1997 likapatikana jiwe huko Çineköy, karibu na Adana katika Uturuki, lenye andiko la karne ya nane kabla ya Masihi kwa lugha mbili. Na pale ambapo lugha moja yasema Ashuru, nyingine yasema Sura. Hivyo jina ambalo watu hawa wamejiita kwa vizazi vyote, Suraya, lina mizizi mirefu kuliko ilivyodhaniwa.

Tena tukumbuke kwamba swali la jina halikuwa la vitabu tu kwao. Watu hawa waliuawa kwa wingi mwaka 1915 katika milki ya Waturuki, na tena Simele katika Iraki mwezi wa Agosti mwaka 1933. Na mwaka 2014 wengi wakafukuzwa katika uwanda wa Ninawi. Mtu ambaye amepoteza shamba na nyumba, ukimnyang'anya na jina, umemwachia nini?

Waashuri walibaki na jina la nchi yao, wakachukua ulimi wa jirani. Washirazi wa Kilwa walibaki na ulimi wa nchi yao, wakachukua jina lililotoka ng'ambo ya bahari. Katika hao wote jina na ulimi vimekuja kwa njia mbili, wala kimoja hakiwezi kutumiwa kukikanusha kingine.

VI. Ushahidi wa udongo na mifupa

Na katika habari ya Kilwa tunao sasa ushahidi ambao waliotutangulia hawakuwa nao. Chittick alipochimba alikuta kwamba watu waliishi Kisiwani tangu karibu karne ya tisa, wakifinyanga vyungu vya namna ya nchi hii, kabla ya sarafu za masultani. Hilo lapatana na Mtakata, Mranga na Mrimba wa habari ya Kiswahili, na hata na Muriri wa Bari wa habari ya Kiarabu. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Kilwa mwaka 1331 katika siku za Sultani Hasan aitwaye Abu al-Mawahib, aliona kwamba wengi wa watu wa mji walikuwa weusi sana, wenye chale usoni.

Kisha mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kupima vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini, katika mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800 hivi. Miongoni mwa mahali walipozikwa imo Kilwa, imo Songo Mnara, imo Lindi. Wakaona kwamba kwa wengi zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa watu wa Afrika, na hasa kwa wanawake. Na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na hiyo karibu yote, katika miaka ya kwanza, kwa wanaume wa asili ya Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi damu ya Bara Arabu ndiyo iliyozidi kuingia.

Twapaswa kuyapokea haya kwa kiasi. Waliopimwa wengi wao walikuwa wakubwa wa mji, waliozikwa karibu na misikiti. Mkulima na mvuvi hawana kaburi la mawe. Tena damu haimpi mtu kabila, kama vile haimpi imani. Lakini kwa swali tulilouliza ushahidi huu watosha kuwanyamazisha wote wawili waliotangulia kujibu. Baba Mwajemi hakuwa ngano. Na mama Mwafrika, ambaye habari ya Kiarabu ilimnyamazia, ndiye aliyekuwa katika nyumba, na watoto walisema alivyosema yeye. Habari iliyomkumbuka mama huyo pamoja na kabila la baba yake ni ile ya Kiswahili, iliyowekwa mwisho na wataalamu.

Twaongeza neno moja juu ya matumizi ya jina hili. Jina la Shirazi limetumiwa kwa njia nyingi. Wako waliolitumia kujiinua juu ya wenzao, na wakati wa serikali ya kikoloni, iliyowagawa watu kwa asili zao, jina la ukoo lilikuwa na faida. Lakini huko Unguja mwaka 1957 jina hilohilo liliunganishwa na la Afrika katika Chama cha Afro-Shirazi, na kwa ajili ya waliolichukua halikuwa jina la wageni hata kidogo. Kwa hiyo mwalimu asikiapo mtu akijiita Mshirazi, na asidhani kwamba amekwisha kumjua. Na aulize mtu huyo alitumia jina lake kwa kazi gani.

VII. Yatupasayo

Hatupendi kumaliza kwa maneno matupu, kwa maana ipo kazi ambayo wasomaji wetu waweza kuifanya kuliko mtu mwingine yeyote. Wamisionari wa Marekani waliokwenda Urmia katika Uajemi waliweka mtambo wa kupiga chapa mwaka 1840, na Justin Perkins pamoja na makasisi wenyeji wakaanza kuiandika lugha ya nyumbani ambayo kabla yao iliandikwa mara chache. Mwaka 1846 wakatoa Agano Jipya lenye safu mbili katika kila ukurasa: Kisiria cha kale upande mmoja, na lugha ya siku zile upande wa pili. Mzee aliyejua ya kanisani na mtoto aliyejua ya nyumbani waliweza kusoma kitabu kimoja.

Twatamani kuona habari za Kilwa zikipigwa chapa kwa mfano huo, kwa ajili ya shule za mikoa ya Lindi na Mtwara: safu tatu, Kiarabu na Kireno zikiwa zimefasiriwa vema, na Kiswahili cha wazee kikiachwa kama kilivyo. Mtoto aonaye kwa macho yake mahali ambapo safu moja yasema "walichimba" na nyingine yasema "walisoma Kurani", na mahali ambapo safu moja yamtaja mama na nyingine haimtaji, atajifunza kupima habari, nalo ni somo litakalomfaa maisha yake yote.

Kazi ya pili haingoji mtambo wa chapa. Kiswahili cha pwani hii, ambacho wataalamu wamekiita Kimgao kwa jina la kale la nchi ya kusini ya Kilwa, chazidi kupotea. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na halmashauri ya lugha ikaundwa mwaka 1930, mtoto wa Kilwa amesahihishwa maneno ya bibi yake kana kwamba ni makosa. Hatulaumu kuwako kwa lugha moja ya vitabu. Pasipo hiyo tusingeweza kuandikiana. Lakini neno la bibi lina habari ndani yake, kama lakabu ya Nguo Nyingi ilivyokuwa na habari.

Basi twawaomba waalimu na mapadre wa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Lindi, Sudi na Mikindani wakusanye maneno ya jikoni, ya shambani na ya chomboni kwa wazee, na kwanza kwa wanawake wazee. Wawaulize pia habari za ukoo wa mama, majina ya wajomba, na mahali walipotoka kabla ya kufika pwani. Kila neno na liandikwe kama lilivyosemwa, pamoja na jina la kijiji. Wala mwenye kuliandika asilisahihishe kwa kamusi.